Maisha ya John MacKay wa Raasay, Mpiga Zumari na Mwalimu wa Waalimu

Neno Yubile limetoka katika lugha ya Kiebrania, nalo lahusiana na kondoo dume na pembe lake. Maana Waisraeli waliamriwa kuutangaza mwaka wa hamsini kwa sauti ya baragumu, ili kila mtu arudie urithi wake. Basi si vibaya kwamba katika kijitabu hiki cha Yubile, pamoja na habari za maaskofu, mapadre na makanisa, tuweke habari za mtu mmoja aliyefanya kazi yake kwa kiriba cha ngozi na kwa pumzi ya kifua chake. Mtu huyo hakuwa askofu wala padre. Alianza maisha yake yatima, mchunga mifugo, asiye na kitu. Lakini alipokufa alikuwa ameokoa urithi wa taifa lake usipotee, naye aliuokoa kwa njia ya kufundisha tu. Kwa hiyo twawaandikia habari zake waalimu hasa, wale wa shule na wale wa katekisimo, na kila Mkristo aliye na mtoto wa kulea.

Jina lake ni John MacKay, wa kisiwa cha Raasay, katika nchi ya Uskoti.

KISIWA CHAKE

Raasay ni kisiwa chembamba, urefu wake kama maili 14, kimelala upande wa magharibi wa Uskoti, kati ya bara na kisiwa kikubwa cha Skye. Ni kidogo kuliko Mafia. Mtu wa Ndagoni akifikishwa huko angeona baridi na mvua nyingi, wala asingeona mnazi hata mmoja. Lakini mambo mengine angeyatambua upesi. Angewaona watu wavukao bahari kwa mashua, wakingoja upepo. Wavuvi, na wenye mashamba madogo, na ng'ombe wachache. Na lugha yao wenyewe, Kigaeli, wasiyoijua watu wa mji mkuu. Katika siku tunazozisimulia watu wa Raasay walikuwa chini ya mkuu wao wa ukoo wa MacLeod, naye alikuwa na mpiga zumari wake, kama vile watawala wa pwani yetu walivyokuwa na wapiga siwa wao.

Zumari ya Waskoti si kama zumari yetu. Mpiga zumari wa pwani huyajaza mashavu yake pumzi, akavuta hewa kwa pua huku akipuliza, ili sauti isikatike. Waskoti wameitia kazi hiyo ya mashavu katika kiriba cha ngozi. Mpigaji hukipuliza kiriba kwa mdomo, akakibana kwapani, na hewa ikatoka kwa nguvu moja daima. Filimbi moja huchezwa kwa vidole, nayo ina sauti tisa tu. Na juu ya bega yakaa mabomba matatu yavumayo kwa sauti isiyobadilika. Mpigaji hawezi kuipunguza sauti wala kuiongeza, wala hawezi kunyamaza katikati ya sauti mbili. Akitaka kupiga sauti ile ile mara mbili, hana budi kuzitenga kwa sauti nyingine fupi sana, zipitazo upesi kama kupepesa jicho. Kwa sababu hiyo kazi yake yataka vidole vilivyofundishwa miaka mingi.

Tena zumari hiyo ina muziki wa namna mbili. Upo muziki mdogo, wa ngoma na wa mwendo wa askari. Na upo muziki mkuu, uitwao kwa Kigaeli piobaireachd, wa kuwalilia wafu, kuwasalimu wakuu, na kukumbuka vita. Huanza kwa tuni moja ya taratibu, kama msingi wa nyumba. Kisha tuni hiyo hurudiwa mara nyingi, kila mara kwa mapambo ya vidole yaliyo magumu zaidi, mpaka mwisho mpigaji huurudia ule msingi kama ulivyokuwa mwanzo. Muziki huu mkuu ndio urithi tunaousimulia.

ELIMU ILIYOKUWA KARIBU KUFA

Kwa vizazi vingi muziki mkuu ulifundishwa katika vyuo vya koo chache. Chuo kilichosifiwa kupita vyote kilikuwa Boreraig, katika kisiwa cha Skye, nacho kilikuwa cha ukoo wa MacCrimmon, wapiga zumari wa wakuu wa MacLeod wa Dunvegan. Wakuu wa koo nyingine walituma vijana wao huko wakakae miaka kadha wa kadha. Vitabu havikuwako. Yote yalikuwa katika vichwa vya waalimu.

Lakini mwaka 1746 Waskoti wengi wa milimani waliomfuata Prince Charles Edward Stuart walishindwa vitani Culloden. Mwaka uliofuata serikali ikawanyang'anya wakuu wa koo mamlaka yao ya kuhukumu watu. Kidogo kidogo wakuu hao wakawa mabwana wa mashamba, watazamao kodi kuliko watu, na mtu wa namna hiyo hana haja sana ya mpiga zumari wa kurithi. Chuo cha Boreraig kikakoma katika miaka ya 1770. Watu wengi wakapanda merikebu kwenda Amerika, na waliobaki walikuwa wazee. Kama wazee wale wangalikufa bila wanafunzi, muziki mkuu ungalizikwa pamoja nao, wala pasingalikuwa na karatasi ya kuufufua.

YATIMA MLANGONI

John MacKay alizaliwa Raasay karibu na mwaka 1767. Wazazi wake walikufa angali mdogo, naye akachukuliwa nyumbani mwa Malcolm MacLeod, wa mahali paitwapo Eyre. Malcolm huyu alikuwa ndugu wa mkuu wa Raasay, na mtu mwenye habari nyingi. Mwaka 1746, baada ya Culloden, ndiye aliyemwongoza Prince Charles akimbiaye, akampitisha usiku katika nchi ya Skye. Akakamatwa kwa ajili hiyo, akapelekwa London, akafunguliwa mwaka 1747. Hata mwaka 1773, mtaalamu Samuel Johnson na rafiki yake James Boswell walipovuka kwenda Raasay, Malcolm alikuwa pamoja nao katika mashua, mzee mwenye nguvu na furaha. Wakati huo John alikuwa mtoto wa miaka kama sita.

Malcolm alikuwa hodari wa zumari, na wasimulizi wa Uskoti wasema kwamba alikuwa akimfundisha kijana mmoja. John hakuitwa katika somo lile. Kazi yake ilikuwa kuchunga. Lakini alikuwa akisikiliza, na yale aliyoyasikia akaenda nayo malishoni, akayajaribu peke yake, wala hapana aliyemtuma. Siku moja Malcolm alisikia somo lake likipigwa vizuri kuliko alivyolipiga mwanafunzi wake. Akatafuta ni nani, akamwona mchungaji wake. Akamwuliza ni nani aliyemfundisha. Mtoto akajibu kwamba hakufundishwa na mtu, ila alisikiliza mwenziwe alipokuwa akifundishwa.

Wasomaji wetu waalimu na watue hapa kidogo. Malcolm aliweza kufanya moja katika mambo mawili. Aliweza kukasirika, akisema kwamba mtoto wa kuchunga ameiba elimu isiyo yake na ameacha mifugo yake. Wengi wangalifanya hivyo, na mtoto angalinyamaza, na leo tusingalikuwa na habari ya kuandika. Malcolm hakufanya hivyo. Alimtia katika somo, akamfundisha yote aliyokuwa nayo. Na alipoona kwamba kipawa cha mtoto chapita elimu yake mwenyewe, hakuona haya kukubali kwamba yuko mwalimu mkubwa kuliko yeye. Alimtuma kwa waliosalia wa ukoo wa MacCrimmon, na kwa akina MacKay wa Gairloch, ukoo mwingine wa wapiga zumari wa kurithi. Hivyo John aliteka maji katika visima viwili vya mwisho, kabla havijakauka.

KAZI YAKE RAASAY

John akarudi, akawa mpiga zumari wa MacLeod wa Raasay. Siku zile ilikuwako jamaa ya mabwana wa Kiskoti huko London waliotaka muziki huu usife. Wakaanzisha mashindano mwaka 1781, na baadaye mashindano hayo yakafanywa Edinburgh. Mwaka 1792 John MacKay akavuka, akaenda Edinburgh, akashinda zawadi ya kwanza. Alikuwa na miaka kama 25.

Zawadi ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba aliporudi kisiwani alianza kufundisha, naye alifundisha kama alivyofundishwa, yaani kwa kinywa. Waskoti wana namna yao ya kuimba tuni za zumari kwa silabi, iitwayo canntaireachd. Irabu zaonyesha sauti zenyewe, na konsonanti zaonyesha mapambo ya vidole. Mwalimu huimba, na mwanafunzi huimba nyuma yake, mstari kwa mstari, mpaka tuni yote imeingia moyoni pamoja na pumzi yake na mahali pake pa kukawia. Ndipo huitwaa filimbi ndogo isiyo na kiriba, akaizoeza vidole vyake. Na baada ya hayo yote ndipo hupewa zumari kamili.

Jambo hili si geni kwetu. Kila mtu wa Ndagoni amewasikia watoto wa jirani zetu Waislamu wakisoma chuoni kwa sauti moja, wakimfuata mwalimu wao. Na mpiga ngoma wa pwani humwonyesha kijana mapigo kwa kuyatamka kwa ulimi kabla ya kumpa ngozi. Yale yaliyofundishwa kwa kinywa hutaka mwalimu awe karibu. Kitabu hakimwoni mwanafunzi anapokosea. Mwalimu humwona, akamrudisha mwanzo wa mstari.

Walakini siku hizo hazikuwa rahisi kwa mpiga zumari. Tangu mwaka 1805 uamsho mkubwa wa dini ulienea Skye. Mhubiri mmoja kipofu, Donald Munro, aliyekuwa zamani mpiga fidla, aliwavuta watu wengi kwa Kristo. Na mapokeo ya Skye yasema kwamba kwa mahubiri yake watu walileta fidla zao na zumari zao wakazichoma moto, kwa kuwa waliona ni vyombo vya ulevi na ubatili. Hatuwadharau watu hao. Waliijua hatari ya ulevi, nao walitoa walichokipenda. Lakini moto ule haukuchagua kati ya wimbo wa ulevi na wimbo wa kumlilia mfu. Kanisa katika Afrika limelijua jambo hilo pia: mahali pengi ngoma zilikatazwa mlangoni pa kanisa, hata waliponena kwa subira watu kama Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyetaka jando litakaswe lisitupwe, na baadaye, hasa baada ya Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, ngoma ikaingia katika ibada mahali pengi. Ilipokuwa Skye wakichoma, John MacKay alikuwa Raasay, ng'ambo ya mlango wa bahari, akifundisha.

WANAFUNZI NA WANA

Katika wanafunzi wake mmoja alikuwa John Bàn MacKenzie, aliyezaliwa mwaka 1796, akawa mpigaji mkuu wa kizazi chake. Tena John aliwafundisha wanawe wanne, Donald, Angus, Roderick na John, nao wote wakawa wapiga zumari. Mwaka 1823 aliondoka Raasay, akaenda na jamaa yake katika jimbo la Perthshire, kumtumikia bwana wa Drummond Castle. Alikuwa amepita miaka 50, naye alikiacha kisiwa alichokaa tangu utoto.

Mwanawe Angus, aliyezaliwa mwaka 1813, alifanya jambo ambalo baba yake hakulifanya: aliandika. Tuni nyingi alizozipokea katika kinywa cha baba yake alizitia katika alama za muziki, na mwaka 1838 akapiga chapa kitabu chenye tuni 61 za muziki mkuu. Mwaka 1843 akafanywa mpiga zumari wa Malkia Victoria, wa kwanza kuwa na cheo hicho. Fikirini: mjukuu wa watu wasiojulikana, mwana wa yatima wa malishoni, akipiga zumari asubuhi chini ya madirisha ya malkia, na tuni apigazo ni zile zile baba yake alizozisikia kwa mbali akichunga.

John MacKay akafa mwaka 1848, mzee wa miaka kama 80. Hakuona msiba wa mwanawe. Mwaka 1854 akili ya Angus ilichafuka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko London, kisha akahamishwa Dumfries katika Uskoti. Mwezi wa Machi 1859 alitoroka, akazama katika mto Nith, na mwili wake haukupatikana. Hatuyaandiki haya ili mtu amhukumu. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, na Kanisa humwombea mgonjwa wala halimcheki. Twayaandika kwa sababu hati alizoziacha, zenye tuni zaidi ya 180, ndizo ghala ambayo wapiga zumari wameitumia tangu siku zake. Mikono iliyotetemeka mwisho ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

MNYORORO HAUKUKATIKA

Donald Cameron alijifunza kwa John Bàn MacKenzie na kwa Angus MacKay. Yeye akamfundisha mwanawe Colin. Kwa Colin akajifunza John MacDonald wa Inverness, aliyezaliwa mwaka 1865 akafa mwaka 1953, aliyeheshimiwa na Waskoti wote kuwa mwalimu mkuu wa wakati wake. Mwaka 1910, ulipoanzishwa mfululizo wa masomo ya muziki mkuu kwa wapiga zumari wa jeshi, ndiye aliyewafundisha. Na baadaye vijana wawili wa shamba la mfalme huko Balmoral, Robert Brown na Robert Nicol, walitumwa kwake, wakawa nao waalimu mpaka miaka ya 1970. Mtu akihesabu, ataona kwamba kutoka kwa Malcolm MacLeod wa Eyre hata kwao ni vinywa sita au saba tu, kila kimoja kikiliimbia sikio lililo mbele yake.

Katika jeshi zumari zilipangwa pamoja na ngoma, na vikosi hivyo vikaenda na Waingereza duniani kote. Sifa zao zilifika hata pwani yetu. Vijana wa Mombasa walipokuwa wakishindana kwa beni mwanzoni mwa karne ya 20, chama kimoja kilijiita Kingi na kingine kikajiita Skochi. Sidhani kwamba vijana wale walijua jina la John MacKay. Mara nyingi kazi ya mwalimu mwema hufika mahali ambapo jina lake halifiki.

MAFUNZO KWA WAALIMU

Kwanza, tumtazame mtoto aliye nje ya mlango. Katika kila darasa wako walioandikwa katika daftari, na wako wengine dirishani: mchungaji, yatima, msichana aliyezuiliwa nyumbani, mtoto wa mvuvi ambaye baba yake anamtaka baharini. Huenda yeye asiyehesabiwa ndiye asikilizaye. Samweli alipofika nyumbani mwa Yese, Daudi alikuwa malishoni, wala hapana aliyefikiri kumwita mpaka alipoulizwa kama watoto wote wamekwisha.

Pili, mwalimu asiufiche ujuzi. Mafundi wengine hufundisha yote ila jambo moja, wapate kubaki wakubwa. Malcolm alitoa yote aliyokuwa nayo, kisha akampeleka mwanafunzi wake kwa mwingine aliye na zaidi. Kwa hiyo jina la Malcolm lakumbukwa kwa heshima mpaka leo.

Tatu, yaliyo katika vichwa vya wazee yaandikwe mapema. Katika visiwa vyetu wako wazee wajuao tuni, majina ya pepo na nyota, kazi ya kuunda jahazi, na habari za Wakristo wa kwanza waliobatizwa hapa na pale. Angus aliandika baba yake angali hai. Mwalimu mwenye kalamu na daftari aweza kufanya vivyo hivyo jioni moja kwa juma, na asingoje mpaka siku ya mazishi.

Nne, tusiwe wepesi wa kuchoma. Tupime kila kitu, tukatae kilicho kibaya, na kilicho chema tukitakase kwa matumizi ya Mungu.

Yubile ni mwaka wa kurudishiwa urithi. Lakini urithi hauwezi kurudishwa kama hapana aliyeutunza. Bwana awabariki waalimu wa dayosisi yetu, waliotangulia na waliopo, na awape kila mmoja wao mwanafunzi atakayempita. Na hao wanafunzi, watakapokuwa waalimu, wasisahau kutazama mlangoni.